Kiswahili cha Tukuyu Jangwani Omani

Tangu nirudi, kila nikiingia ofisi ya walimu pale Kyimo chai inaachwa ipoe. Mwalimu Anyosisye anataka kujua kama ni kweli kule watu wanakula wamekaa chini hata wageni wakubwa. Mwalimu Gwakisa anataka kujua kama niliyaona mafuta yakichuruzika ardhini kama chemchemi. Nimejibu vipande vipande, huyu hiki na yule kile, mpaka sasa kuna habari tatu za safari yangu zinazotembea Rungwe, na hakuna hata moja iliyotoka kinywani mwangu hivyo ilivyo. Ndiyo maana likizo hii nimekaa nikaandika. Habari za pasipoti na madirisha niliyopangia foleni naziruka, hazina utamu.

Baba yangu mnamjua. Mzee Nasoro, duka la vitambaa karibu na soko la Tukuyu, Mwarabu anayepunguza bei kwa Kinyakyusa. Wengi mnadhani alizaliwa hapa. Sisi watoto wake tulijua kwamba alitoka Omani akiwa kijana, kabla ya uhuru, na kwamba habari za huko haziulizwi. Mama yangu, binti wa Nkunga, aliolewa naye bila kumwona ndugu yake hata mmoja. Mimi, Rehema, mtoto wake wa mwisho, nilizoea kwamba ukoo wetu una upande mmoja tu, kama nyumba iliyobomoka nusu.

Kilichotufungulia njia ni biashara. Mnakumbuka ile miaka ya foleni za sukari, baba alipokuwa akiuza khanga moja kwa mwezi, tena kwa kificho. Biashara ilipoachiwa huru, vijana wa hapa walianza kwenda Dubai kufuata redio na vipuri. Mmoja wao, Ambakisye wa Kawetele, alikuwa dukani kule akipiga kelele kuhusu bei, na kijana wa Kiomani aliyesimama kando akamwuliza kwa Kiswahili ametoka wapi. Akamjibu Tukuyu.

"Tukuyu?" yule kijana akasema. "Mjomba wangu alipotelea mahali panapoitwa Tukuyu."

Kijana huyo anaitwa Salim, na mama yake, Bi Zuwena, ni dada wa baba, tumbo moja. Baada ya hapo zikafuata simu za posta, na siku moja baba alitoka kwenye kibanda cha simu, akakaa kwenye ngazi za posta, akaniambia, "Mwanangu, macho yangu hayafai tena kusafiri peke yake. Utanisindikiza." Nauli alituma shangazi.

Tukuyu hadi Mbeya

Tulipanda pikapu ya mtu wa ndizi. Ilitakiwa kuondoka asubuhi, lakini baba alikuwa akiaga. Aliaga fundi cherehani, akaaga muuza maparachichi, akaaga hata mtu anayemdai. Kila mmoja alimwuliza, "Taata, utarudi?" naye akajibu kila mmoja, "Ndaga, ndaga fijo," kana kwamba shukrani ni jibu. Mama alisimama mlangoni akamfunga baba skafu shingoni, ingawa nilikuwa nimemweleza mara nyingi kwamba kule tuendako mtu hufa kwa joto.

Mizigo yetu ilikuwa sanduku moja, majani ya chai ya hapa kwetu, na mkungu mzima wa ndizi mbichi. Nilimwambia baba ndizi hazitafika. Akasema, "Zuwena hajapata kula ndizi zilizopikwa mbalaga. Zitafika."

Treni, na kituo tusichokiomba

Kutoka Mbeya tulichukua treni ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimejiandaa kuona wanyama porini. Nikaona migongo ya abiria. Tulikuwa na jirani mmoja, mama mfanyabiashara wa Tunduma, mwenye mabunda ya vitenge vya Kongo. Kabla hatujafika Makambako alikuwa ameshajua tunakokwenda, na alikuwa na maoni yake.

"Huyu mzee akifika kwao utarudi peke yako," aliniambia waziwazi, baba akiwa hapo hapo. "Mwarabu akiona mchanga wake haondoki tena. Wewe mama yako mzima?"

"Mzima."

"Basi mwambie ashone nguo nyingine ya harusi."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu posta.

Mbele ya Mlimba treni ilisimama. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele, na hakuna aliyejua tutaondoka lini. Watu wakashuka. Wanawake wa vijiji vya karibu wakatokea na sufuria za wali na samaki wa mto, wengine wakawasha moto kando ya reli, na mahali pale pakageuka soko. Mama wa Tunduma akauza vitenge. Ndipo nilipomwuliza baba jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumwuliza: kati ya miji yote ya dunia, ni nani alimwambia kuna mahali panapoitwa Tukuyu?

"Mzungu," alisema.

Akanisimulia huku akichambua miiba ya samaki. Yeye na Zuwena walilelewa Unguja na bibi yao, kisha bibi alipofariki wakarudishwa Omani kwa ami yao, aliyekuwa shekhe wa kijiji cha bara, ukingoni mwa jangwa. Wakati ule Wazungu wa mafuta walikuwa wakizunguka wakitafuta mahali pa kuchimba. Sultani wa pwani alikuwa amewapa kibali. Tatizo ni kwamba watu wa bara hawakuwa na hakika kwamba ardhi yao ni ya Sultani kuigawa. Wao walikuwa na imamu wao na mashekhe wao. Basi serikali ya Kiingereza ikamtuma ofisa wake azungumze na mashekhe, mmoja mmoja, kwa upole, ili wafungue njia.

"Ofisa huyo Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni," baba alisema. "Akizungumza, watu wetu walidhani anasoma hotuba ya Ijumaa. Ami yangu hakumwelewa hata neno. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Yule Mzungu akachoka, akajisemea mwenyewe kwa Kiswahili, 'Ee Mungu, nifanyeje na wazee hawa!' Nikashtuka, birika likanimwagikia. Nikamwambia, 'Bwana, mimi nasikia Kiswahili.'"

"Alikijulia wapi?"

"Tukuyu! Alikuwa bwana shauri mdogo hapo bomani, zamani. Basi tangu siku hiyo nikawa mkalimani wake. Yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kiarabu. Jioni alikuwa akinihadithia: mahali ambapo mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa kupenda kwake, mahali ambapo ukichomeka fimbo ardhini wiki ijayo ina majani. Nilidhani ananidanganya. Na alikuwa akishukuru kila mtu kwa neno 'ndaga'. Mimi nikajua hicho ndicho Kiswahili cha watu wakubwa. Nikawa nasema 'ndaga' jangwani!"

Mama wa Tunduma aliyekuwa akisikiliza akapiga makofi. "Na mafuta je? Yalipatikana?"

Baba akatazama reli. "Mimi nilikuwa nimeshaondoka," akasema. "Nilikuja Tukuyu."

Niliona ameruka kitu. Kati ya birika la kahawa na duka la vitambaa palikuwa na shimo, naye alilizunguka kama mtu anayejua liliko. Lakini king'ora kilipigwa, watu wakakimbilia mabehewa na sufuria mikononi.

Dar es Salaam

Tulichelewa kufika, ndege yetu ikawa imeondoka, tukalala kwa jamaa wa mtu wa duka la jirani huko Kariakoo. Walitupokea vizuri. Kule joto liliziivisha ndizi zote kwa mpigo, na baba akaanza kuzigawa kwa watoto wa mtaani akisema kila anapotoa moja, "Hii ilikuwa ya Zuwena." Mji ulikuwa umejaa vitu: televisheni dirishani, sabuni za majina nisiyoweza kuyatamka, vibanda vya kubadilisha fedha kila kona. Baba alisimama mbele ya duka moja la vitambaa akahesabu majora kwa vidole, midomo ikicheza. "Mimi nilikuwa naficha khanga chini ya kitanda," akasema, "na hawa wanaziweka juani zipauke."

Maskati

Sasa ndege. Mwalimu Gwakisa, haina maajabu. Ni kama kukaa kanisani muda mrefu bila kuimba. Maajabu ni pale mlango unapofunguliwa. Hewa ya Maskati ilinipiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, nikarudi nyuma nikidhani injini ya ndege imeharibika. Milima ya kule haina nguo. Nimekulia chini ya Rungwe, sikujua kwamba mlima unaweza kuwa uchi kiasi kile, mbavu zote nje.

Nje ya uwanja alisimama mama mfupi aliyejifunika nguo nyeusi, na pembeni yake kijana mrefu mwenye kanzu nyeupe. Baba hakumwona kwa sababu ya macho. Yeye alimwona. Alifungua mikono, na neno la kwanza nililolisikia katika nchi ya Waarabu lilikuwa hili:

"Ndaga, kaka! Ndaga!"

Baba alikaa chini, palepale juu ya sanduku. Wakalia wote wawili kwa Kiswahili. Salim na mimi tukasimama tukitazamana kama watu waliokutana kwenye mlango mwembamba.

Nyumbani kwa Salim nilipata aibu yangu ya kwanza. Walileta tende na kahawa chungu yenye iliki katika vikombe vidogo mno. Nikamaliza, nikajaziwa. Nikamaliza, nikajaziwa. Kwetu mgeni akiacha kinywaji kikombeni ni dharau, basi nikaendelea kujitahidi, moyo ukinienda mbio, mpaka mke wa Salim alipokwenda kuchemsha birika jingine. Ndipo shangazi aliponiangalia kwa huruma.

"Mwanangu, wewe unapenda kahawa hivyo?"

"Hapana, shangazi. Naogopa kuwakosea."

Kumbe unatikisa tu kikombe, basi, wanajua umetosheka. Baba alikuwa amekitikisa chake zamani, hakunitonya. Usingizi wa siku ile niliutafuta bila kuupata. Wao nao walipata fundisho la chai yetu: mke wa Salim aliyachemsha majani yote niliyowaletea kwa mara moja, akaweka zafarani.

Kijijini

Kutoka Maskati tulikwenda bara kwa gari la Salim. Barabara ni ya lami tupu, imenyooka, haina hata ng'ombe wa kukatiza. Salim anazungumza Kiswahili cha mama yake, cha kizamani, anasema "skiza" na "yakhe," na katikati anaingiza Kiarabu bila kujua. Alinieleza kwamba alipozaliwa yeye hapakuwa na barabara hiyo, wala hospitali, wala shule; mtu mgonjwa alibebwa juu ya punda. "Haya yote ni mafuta," akasema akionyesha dirishani, ambako mimi niliona mawe tu.

Kijiji chao ni mitende iliyobanana ndani ya bonde, nyumba za udongo za zamani zikiwa zimeachwa zibomoke, na mpya za matofali zimejengwa pembeni. Katikati unapita mfereji wa maji kutoka mlimani. Kila shamba lina zamu yake ya maji, na zamu inafuatwa kama sheria ya dini. Nilikaa kwenye ukingo nikatumbukiza miguu, na bibi mmoja akanikemea kwa Kiarabu. Kumbe pale ni pa maji ya kunywa, miguu ni huko chini.

Siku ya karamu walichinja mbuzi. Wanaume walikaa upande wao na sisi upande wetu, kwenye mikeka, sinia kubwa za wali katikati. Nilikuwa nimejiandaa kumwona baba akinuniwa. Nilishasikia hofu katika ukimya wake. Badala yake nikasikia vicheko, na kila mara jina lake likitajwa kwa sauti. Nikamwuliza Salim alipopita na birika.

"Vijana wanamsifu," akasema. "Wanasema mjomba Nasoro ndiye aliyeyaleta mafuta. Wanasema kama si ulimi wake, tungekuwa bado tunapanda punda."

Nilichungulia. Baba alikuwa amekaa katikati yao na donge la wali mkononi, hajalitia kinywani. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa hukumu.

Nyuma ya ukuta

Kesho yake nilikuwa nikimsaidia shangazi kuchambua tende jikoni. Nikamwuliza baba alifanya nini hasa. Akanionyesha, kupitia dirisha, nyumba moja ya zamani iliyobaki kuta.

"Kikao kilikuwa mle," alisema. "Mimi nilikuwa msichana, nimekaa nyuma ya ukuta na wanawake tukitengeneza kahawa. Wote waliokuwa mle ndani, kila mmoja alisikia nusu. Mzungu alisikia Kiswahili. Ami alisikia Kiarabu. Waliosikia vyote ni wawili, baba yako na mimi. Na msichana nani amwulize?"

Ofisa, alisema, alizungumza kwa upole mwanzoni. Mwishoni alisema hivi, na shangazi aliyatamka maneno polepole, kwa sauti ya kiume: "Mwambie mzee, tunaomba njia kwa adabu. Sultani ameshatoa ruhusa. Akikataa, askari watakuja na magari, na tutapita vilevile."

Baba, kijana asiyefika miaka ishirini na miwili, akiwa amekaa mbele ya ami yake aliyempa chakula na paa, alitafsiri: "Anasema Sultani anakusalimu, nao wanaomba njia kwa adabu."

"Hilo la askari?"

"Alilimeza."

Yule shekhe, aliyesikia salamu tu na ombi, alijibu kama mwungwana yeyote anavyomjibu mgeni aliyeketi kwenye mkeka wake: "Mgeni hafukuzwi kwetu. Karibuni." Alimaanisha karibuni kahawa; la njia lingejadiliwa na wazee baadaye. Baba akatafsiri sawasawa: "Anasema karibuni." Na yule ofisa, ambaye Kiswahili chake kilimfundisha kwamba ukibisha hodi ukaambiwa karibu unaingia, alisimama, akashukuru kwa "ndaga" yake, akaenda kuandika kwamba shekhe amekubali.

Siku magari yalipokuja, hakuna kijijini aliyeyategemea. Kijana mmoja, Ali, alikuwa akilinda kisima bondeni. Aliona wageni wenye bunduki, akasimama njiani na bunduki yake kuukuu. Walimpiga risasi. Shekhe, kwa hasira na aibu, akasema mbele ya watu wote kwamba mkalimani amewauza. Baba aliondoka kijijini kabla ya maziko, akafika pwani, akapanda meli.

"Na Ali ana watu?" niliuliza.

"Ana mjane. Moza. Yupo. Nilimwambia baba yako kwenye simu kwamba Moza yupo. Unadhani amekuja kwa ajili yangu mimi?"

Nilimkuta baba kwenye mfereji, amekaa mahali panaporuhusiwa. Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Nilimwambia: njia nzima umenihadithia mvua za Tukuyu na birika la kahawa, mtu amekufa hukumtaja.

"Ningekuambia, usingekuja na baba yako," alisema. "Ungekuja na mshitakiwa."

"Mbona uliyameza yale maneno?"

"Yalikuwa maneno mabaya, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee wangu. Nilidhani adabu ingetosha, wangeelewana tu, la askari lisingehitajika. Sikutaka lipite kinywani mwangu." Akaongeza, "Hawa vijana wananisifu kwa kuleta mafuta. Wazee walinilaani kwa kuuza ardhi. Sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilichofanya hakina mtu anayekijua, ila Zuwena."

Kilima

Kabla ya kwenda kwa Bi Moza, baba aliomba apelekwe mahali Wazungu walipochimba. Salim alitupeleka. Ni kilima kirefu cha mawe ya rangi ya ngozi ya simba, na chini yake hakuna mti, hakuna nyasi, hakuna inzi. Nilitembea nikiokota vijiwe. Kimoja kilikuwa na chapa ya konokono wa baharini, katikati ya nchi kavu kama ile! Nimewaletea, kipo kabatini ofisini. Nilikuwa nikijiuliza bahari ilikwenda wapi, na mafuta yanajuaje pa kukaa, ndipo nilipoona baba amesimama mbele ya bomba nene lenye kutu lililofunikwa kwa zege.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo," Salim akasema. "Lakini hapa hawakupata kitu, mjomba. Walichimba wakachoka. Mafuta yalikuja kupatikana kwingine kabisa, baadaye sana. Hukuambiwa?"

Baba aliweka kiganja juu ya zege, akakiondoa haraka kwa joto.

"Hawakupata kitu," alirudia. Kisha, akirudi garini, "Twende kwa Moza."

Kwa Bi Moza

Bi Moza anaishi mwisho wa kijiji na binti yake. Ni wa makamo ya baba. Alivaa barakoa ya kitambaa kinachong'aa, ile inayofunika pua na paji la uso, kwa hiyo nilichokiona kwake ni macho na mdomo, na sikuweza kusoma chochote. Tuliketi: baba karibu na mlango, Salim pembeni yake, shangazi na mimi upande wa Bi Moza. Shangazi alininong'onezea kila kinachosemwa.

Baba alizungumza kwa Kiarabu, taratibu. Alipofika kwenye maneno ya ofisa, aliyasema kwanza kwa Kiswahili kama alivyoyasikia, nikayaelewa bila msaada: "Akikataa, askari watakuja na magari." Kisha akayatafsiri, yote, miaka arobaini na ushei baada ya wakati wake. Salim, aliyekuwa miongoni mwa waliomsifu, aliinamisha kichwa.

Bi Moza hakulia. Alizungumza muda mrefu, sauti moja, kama anayehesabu. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alipomaliza nilimgeukia shangazi.

"Amesema nini?"

"Amesema karibuni, tunywe kahawa."

"Maneno yote yale?"

Baba alitusikia. "Zuwena," alisema kwa Kiswahili, "usimpunguzie. Mwambie yote."

Shangazi alitazama mikono yake. "Amesema... angeambiwa kuna askari, Ali asingekwenda kisimani. Walikuwa na mbuzi kwa ndugu zake huko juu, wangeondoka wote wawili usiku huo. Amesema adabu ya baba yako ilimponza mume wake. Amesema hamsamehi, na asidanganywe na mtu kwamba amemsamehe. Na amesema kesho aje tena, amweleze tangu mwanzo, kwa sababu tangu siku ile watu wamekuwa wakimwambia ilikuwa kudra, na yeye alijua kudra hiyo ilikuwa na mdomo."

Kahawa ililetwa. Bi Moza alimmiminia baba kwa mkono wake mwenyewe. Baba alikunywa, hakukitikisa kikombe. Akajaziwa tena, akanywa tena.

Alikwenda kesho yake, na kila siku iliyofuata. Mara nyingine nilikwenda naye, mara nyingine Salim. Bi Moza alimwuliza mambo madogo madogo: ofisa alikuwa amevaa nini, shekhe alicheka au hakucheka, jua lilikuwa wapi. Vijana wa kijiji walianza kunong'ona, na jamaa mmoja akamwendea baba kumsihi aache kufukua makaburi, kwamba ukoo umeshakubaliana naye, abaki, watamjengea chumba kwenye kivuli cha mitende. Baba alimjibu kwamba chumba anacho Tukuyu na kina mtu ndani.

Safari ya kurudi sitaieleza. Treni haikusimama safari hii, na mama mmeshamwona sokoni akimshika mzee mkono. Ila siku ya mwisho kijijini niliiacha kwa makusudi niimalizie hapa.

Tulikwenda kumuaga Bi Moza, baba na mimi peke yetu. Shangazi alikuwa na homa, hakuja. Siku hiyo Bi Moza hakuuliza kitu. Alitusogezea tende alizoleta binti yake, akanitazama mimi, si baba, akaanza kuzungumza. Sikujua nifanye nini na macho yangu. Baba aligeuka akakaa kati yetu, akanyoosha mgongo kwa namna ambayo sijapata kumwona nayo dukani, akaanza kunitafsiria, sentensi kwa sentensi, bila kupandisha sauti wala kushusha.

"Anasema Ali alikuwa mtu wa kucheka ovyo, hata msibani. Anasema asubuhi ile alikuwa akisuka kamba ya ndoo, akaiacha haijaisha, na yeye hakuimalizia. Anasema alikuwa na mimba, na mtoto ndiye huyu aliyetuletea tende." Akaendelea. "Anasema kwa miaka mingi kila akiteka maji alimlaani mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Anasema nilikuwa kijana mwoga, mwenye sauti nzuri, na kwamba watu wa namna hiyo ni hatari kuliko wenye bunduki."

Nilidhani basi, nikaanza kukusanya mtandio wangu.

"Amemaliza, baba?"

"Bado," alisema, akamgeukia tena na kuinamisha sikio. "Kuna jingine."